Mitambo ya upepo kwenye mashamba ya korosho: majibu kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi

Barua zilizotufikia kutoka Kusini zinazunguka jambo moja: akija mwekezaji wa umeme wa upepo akaomba ardhi inayolimwa, mkulima atoe nini, abaki na nini, na aandikiwe nini. Zinazohusu ardhi na udongo tumezijibu kwa kirefu, maana huko ndiko watu wanakoumia.

Nina ekari nane za mikorosho, urithi wa baba. Kijijini wanasema ukikubali mtambo mmoja wa upepo, shamba lote linakuwa la kampuni. Mtambo mmoja unachukua ardhi kiasi gani hasa? Na nitaruhusiwa kuendelea kuvuna?
*Mama mkulima, Tandahimba*

Mama, mtambo wenyewe haumalizi shamba. Kinacholimaliza ni barabara ya kuufikia na uwanja wa kreni inayousimamisha. Chukua mtambo wa megawati 4 ambao mapanga yake yanapozunguka hufanya duara la upana wa mita 120. Msingi wake ni duara la zege la kipenyo cha mita 20 hivi, lililochimbiwa mita 3. Zege likikomaa hufukiwa udongo, na juu hubaki shina la mnara tu, upana wa mita 4 hadi 5. Uwanja wa kreni ni kama mita 30 kwa 50, nao haufumuliwi baada ya ujenzi, kwa sababu kreni itarudi siku panga au gia itakapoharibika. Barabara ya kudumu ina upana wa mita 5. Ikiwa ni mita 700 mpaka kwenye mnara, hiyo peke yake ni mita za mraba 3,500.

Jumla inakuja mita za mraba 5,300, yaani ekari moja na theluthi. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 ekari moja ina mikorosho 28, kwa hiyo unapoteza miti kama 37. Sasa angalia mgawanyo wake: msingi ni mita za mraba 314 tu, lakini barabara ni karibu theluthi mbili ya hasara yote. Ndiyo maana hoja ya kwanza mezani iwe barabara ipite wapi. Ikifuata mpaka wa mashamba, au njia ya zamani ya magari ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), au mstari wa mikorosho mikongwe uliyokwisha kupanga kuing'oa, hasara inapungua nusu. Usisubiri mpimaji apigilie vigingi ndipo useme. Michoro ikishapelekwa kwa wakandarasi, kuisogeza barabara mita 40 kunakuwa na gharama na kila mtu atakuambia haiwezekani.

Jambo la pili ni namna mapanga yatakavyopandishwa. Njia mojawapo ni kuyaunganisha yote matatu chini kisha kuyainua kwa pamoja. Hapo patafyekwa uwanja wenye upana wa mapanga yenyewe. Duara zima la mita 120 lina miti karibu 80. Njia nyingine ni kuinua panga moja moja na kulifungia juu. Inahitaji kreni bora na siku tulivu zaidi, lakini inaokoa miti mingi. Uliza siku ya kwanza kampuni itatumia njia ipi, na jibu liingie kwenye mkataba.

Kuvuna utaendelea. Mkorosho una urefu wa mita 10 hadi 12, na ncha ya panga likiwa chini kabisa hubaki mita 30 hadi 40 kutoka ardhini. Ufuta, kunde, mbaazi na muhogo vinalimwa mpaka ukingoni mwa uwanja wa kreni. Kebo za umeme hulazwa kina cha mita 1 hadi 1.2, na jembe la trekta halishuki zaidi ya sentimita 30, kwa hiyo kulima juu yake hakuna shida. Usichofanya ni kupanda mkorosho, kuchimba choo au kisima juu ya kebo. Dai ramani ya kebo na vigingi vya zege kila zinapopinda, maana baada ya miaka kumi hakuna atakayekumbuka zilipita wapi.

Na kwenye fidia usikubali mti uhesabiwe kama kuni. Mkorosho mpya huanza kutoa korosho mwaka wa tatu hivi, lakini kuzaa sawasawa unahitaji miaka saba na zaidi. Mavuno ya miaka hiyo yote ndiyo unayopoteza, si mti tu.

Udongo wetu ni kichanga chekundu. Sehemu yoyote iliyopitiwa na mashine nzito, muhogo unatoa mizizi kama vidole. Je, kuna namna ya kuurudisha udongo baada ya ujenzi?
*Mkulima, Tandahimba*

Ipo, ila lazima ianze kabla ya ujenzi. Ukisubiri kreni iondoke, umechelewa.

Sentimita 20 hadi 30 za juu ndizo zenye rutuba. Zikwanguliwe wakati udongo ni mkavu, zirundikwe peke yake, zisichanganywe na udongo mwekundu wa chini. Rundo lisizidi urefu wa mita 2, kwani likiwa kubwa katikati hukosa hewa na vijidudu vya udongo hufa. Likikaa zaidi ya msimu mmoja, lipandwe kunde juu yake mvua isilimomonyoe. Udongo wa chini uwe na rundo lake. Kosa linaloonekana mara nyingi kwenye kazi hizi ni katapila moja kusukuma vyote pamoja ili kumaliza upesi, na hapo hakuna mbolea itakayokuja kutenganisha.

Sehemu za muda tu, kama pale mapanga yalipolazwa na kona zilizopanuliwa ili trela ipite, ziwekewe kitambaa maalumu cha ujenzi kabla ya kumwaga moramu. Kazi ikiisha, moramu inazolewa na kitambaa kinaondoka nayo. Bila kitambaa, kokoto zinabaki shambani milele.

Kisha kinakuja kipigo ambacho watu hawakioni kwa macho, yaani tabaka gumu. Kreni kubwa ina uzito wa mamia ya tani. Kichanga cha Makonde kinaonekana kilaini, lakini kikibanwa na uzito huo kikiwa na unyevu kinashikana, mizizi inagota na maji ya mvua yanatiririka juu badala ya kuzama. Dawa yake ni kupasua kwa jembe refu la trekta, lile la meno, kufika sentimita 45 hadi 60, mara mbili kwa mistari inayokatana, na kazi hiyo ifanyike kiangazi udongo ukiwa mkavu kabisa. Ukipasua ukiwa na maji, jino linapita kama kisu kwenye ugali na nyuma yake panafunga tena. Baada ya kupasua, udongo wa juu unarudishwa, na kuanzia hapo gari lisikanyage tena. Msimu wa kwanza panda mbaazi, maana mzizi wake unakwenda chini sana, na majani yanayodondoka yanarudisha uhai.

Kipimo cha kujua kama kampuni imefanya kazi hakihitaji maabara. Chukua nondo ya milimita 12 yenye ncha, siku mbili baada ya mvua kubwa. Ikandamize kwa mkono kwenye shamba la jirani ambalo halikuguswa, uweke alama ilipofika. Kisha nenda sehemu iliyorudishwa ufanye hivyo hivyo mahali kumi. Ikigota sentimita 15 au 20 wakati kwa jirani ilizama mara mbili ya hapo, kazi haijaisha. Tunashauri mkataba ushikilie sehemu ya malipo ya mkandarasi mpaka kipimo hiki kifanyike baada ya misimu miwili ya mvua.

Jambo jingine ni kalenda. Huku mvua ni ya msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa hiyo wajenzi watataka Mei mpaka Oktoba. Huo ndio wakati wenu wa kupulizia dawa, wa maua, na wa kuanza kuokota. Vumbi la malori likitanda kwenye maua ya mikorosho ya kando ya barabara, hasara ni yenu. Andikeni: barabara imwagiwe maji kila siku, mwendo usizidi kilomita 20 kwa saa ndani ya mashamba, malori yasipite asubuhi ya kupulizia. Mitaro ya kutoa maji pembeni mwa barabara iwe ya karibu karibu kwenye miteremko, kila mita 20 hadi 40, na kila mdomo uwekewe mawe. Barabara inayokusanya maji na kuyamwaga mahali pamoja ukingoni mwa uwanda wa Makonde itachimba korongo kwa msimu mmoja tu.

Kusi ikivuma hapa Mikindani mabati yanang'oka. Kwa nini kampuni inataka mwaka mzima wa kupima wakati upepo tunauona?
*Msomaji, Mtwara*

Ndugu, anayekuja na mitambo bila kupima mwaka mzima ndiye wa kumwogopa. Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba hivi, kaskazi Desemba mpaka Machi, na katikati kuna maleleji, wakati mtambo unaweza kusimama siku nyingi. Anayepima miezi ya kusi tu anajidanganya.

Tena nishati ya upepo haipandi sambamba na kasi. Inapanda kwa mchemraba wake, yaani kasi mara kasi mara kasi. Upepo wa mita 7 kwa sekunde una nguvu mara 2.7 ya upepo wa mita 5. Kwa hiyo kosa dogo la kipimo ni kosa kubwa la fedha. Tuseme kipimo cha urefu wa mita 10 kinaonyesha wastani wa mita 4 kwa sekunde. Kwenye uwanda mtupu, hesabu ya kawaida itakupa mita 5.5 ukifika urefu wa mita 100. Penye miti mingi inayozuia upepo wa chini, hesabu hiyo hiyo inaweza kutoa mita 7.1. Tofauti ya nishati kati ya majibu hayo mawili ni zaidi ya maradufu, na mikorosho ndiyo iliyoleta utata. Ndiyo maana hujengwa mlingoti wa mita 80 au zaidi, wenye vikombe vya kupimia kasi kwenye urefu tofauti, kwa mfano mita 40, 60 na 80, viwili viwili pande tofauti ili mlingoti usivikinge, pamoja na vishale vya mwelekeo na sanduku linalorekodi wastani wa kila dakika 10. Kwa jumla, wastani wa chini ya mita 6 kwa sekunde kwenye urefu wa mnara unaufanya mradi mkubwa kuwa mgumu. Kuanzia 7 mazungumzo yanakuwa ya kweli.

Pwani yetu ina jambo jingine. Mitambo hugawanywa kwa madaraja kulingana na dhoruba inayoweza kuhimili. Daraja la tatu, lenye mapanga marefu kwa upepo wa wastani mdogo, husanifiwa kwa dhoruba ya mita 37.5 kwa sekunde, sawa na kilomita 135 kwa saa. Daraja la kwanza ni mita 50, kilomita 180 kwa saa. Kimbunga kilipiga Lindi Aprili 1952, na Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, kikiwa na upepo uliozidi kilomita 200 kwa saa. Upepo wa kawaida unavutia mtambo wa daraja la tatu. Historia ya bahari yetu inasema hapana. Muulizeni mwekezaji amechagua daraja gani na kwa nini.

Mlingoti nao una nyaya za kuushikilia zinazofika mita 50 hivi kila upande. Mkataba wake uwe wa kupima tu, wa miaka miwili au mitatu, wenye kodi yake. Msikubali mkataba wa kupima uwe na kifungu cha kutoa ardhi ya mradi ndani yake. Kusini tunajua gharama ya kufyeka kabla ya kupima: Mradi wa Karanga wa Waingereza ulianza 1947 ukafutwa 1951, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili yake iling'olewa.

Tumeletewa barua: kampuni inaomba ekari 4,000 kwa miaka 33, na inataka muhtasari wa kijiji usainiwe wiki ijayo. Tufanye nini?
*Mjumbe wa halmashauri ya kijiji, Lindi*

Ndugu mjumbe, msisaini wiki ijayo.

Ekari 4,000 ni hekta 1,600 na kidogo. Kwa mradi wa megawati 50 eneo hilo si la ajabu, kwa sababu mitambo haiwezi kubanana: ule wa duara la mita 120 unahitaji karibu mita 480 kutoka kwa mwenzake wa pembeni, na karibu mita 840 kufuata mwelekeo wa upepo, la sivyo wa mbele unamwibia upepo wa nyuma. Lakini kuenea si kutumia. Mitambo 12 pamoja na barabara na kituo cha umeme hukalia kwa kudumu hekta 15 hivi. Kwa hiyo kampuni inahitaji hekta 15 na haki ya kupitisha kebo na upepo juu ya zilizobaki. Haihitaji kumiliki hekta 1,600.

Tofauti hiyo ni kubwa kisheria. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji ni msimamizi tu. Haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kampuni ya kigeni haipati ardhi ya kijiji moja kwa moja: ni lazima kwanza ihaulishwe, yaani ihamishwe kuwa ardhi ya jumla, iliyo chini ya serikali na si kijiji. Uhaulishaji usiozidi hekta 250, mkutano mkuu wenu ndio unaokubali au kukataa. Ukizidi hapo, uamuzi unakuwa wa Waziri, baada ya kuzingatia mapendekezo yenu. Na ardhi ikishakuwa ya jumla hairudi kijijini yenyewe mradi ukifa. Wekeni basi mezani pendekezo hili: zihaulishwe sehemu za misingi, viwanja vya kreni na kituo cha umeme peke yake, na mashamba mengine yabaki ya kijiji, yenye mikataba ya kupitisha barabara na kebo.

Kabla ya mkutano huo, hakikisheni mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji upo, na wenye mashamba yatakayoguswa wapate hati za haki miliki ya kimila. Mtu mwenye hati anahesabiwa kwa jina. Asiye nayo anahesabiwa kwa kukumbukwa. Tathmini ya athari kwa mazingira inayosimamiwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ifanywe na muisome, hasa kurasa za maji, barabara na ndege. Fidia ikubaliwe kabla ya uhaulishaji, na ijumuishe thamani ya ardhi na mazao, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, na kwa anayehamishwa nyumba, posho ya makazi ya miezi 36.

Malipo ya mara moja tu msiyakubali. Dai kodi ya kila mwaka kwa kila megawati iliyosimikwa, inayopanda na bei ya maisha, au asilimia ya mauzo ya umeme. Na jirani asiye na mnara lakini anayepata kelele, kivuli na vumbi naye apewe chake. Miradi mingi huvunjwa na majirani wa namna hiyo.

Kenya wana mifano yote. Kinangop, eneo la wakulima wadogo, mradi wa megawati 60.8 ulikufa 2016 baada ya mgogoro na wenyeji. Mradi wa Ziwa Turkana, mitambo 365 na megawati 310, ulijengwa ukakamilika. Lakini Oktoba 2021 mahakama huko Meru iliamua kwamba hati za ardhi yake, ekari 150,000, zilipatikana kinyume cha utaratibu. Kipeto, Kajiado, wenye ardhi waliingia mikataba ya kukodisha na jamii ikapewa asilimia 5 ya hisa. Mitambo yake 60 inazunguka juu ya ng'ombe wanaolisha.

Hapa Newala maji tunanunua kwa ndoo. Zege la misingi hiyo litatumia maji ya nani?
*Mama wa nyumbani, Newala*

Swali zuri sana, na tunasikitika kwamba mara nyingi huulizwa wakati boza limeshafika bombani. Msingi mmoja hutumia mita za ujazo kama 450 za zege: karibu mifuko 3,400 ya saruji na lita 80,000 za maji. Mitambo 12 ni lita milioni moja kasoro kidogo, bado maji ya kumwagilia zege likomae na yale ya kuzima vumbi barabarani, ambayo kwa miezi kadhaa yanaweza kuzidi ya zege.

Zege la msingi humwagwa bila kukatika, magari 60 na zaidi ndani ya siku moja. Likisimama saa chache, tabaka la kwanza linakauka na la pili halishikani nalo, na ufa huo ndio utakaouangusha mnara. Kwa hiyo mkandarasi akikosa maji katikati ya kazi hatasubiri, atachukua popote. Andikeni mapema kwamba atachimba kisima chake bondeni na atajenga matangi ya kuhifadhi kabla ya msingi wa kwanza, na kisima kitabaki kwa kijiji. Maji ya chumvi ya visima vya pwani hayafai, yanaozesha nondo.

Kelele, kivuli, na upuliziaji wa salfa: vitatuathiri?
*Vijana wa kikundi cha kupulizia, Tandahimba*

Mtambo mmoja kwa umbali wa mita 500 husikika kwa desibeli 40 hivi. Ikiwa ni kadhaa, inaongezeka. Kiwango kinachotumiwa na mashirika ya fedha ya kimataifa kwa makazi ni 45 usiku. Dai mita 500 kuwa kiwango cha chini kabisa kutoka kwenye nyumba, na kipimo cha usiku baada ya mitambo kuwashwa, kwani usiku chini kunatulia huku juu kunavuma, na hapo ndipo sauti inapokera.

Kivuli cha mapanga kinachokatakata mwanga hupata nyumba za mashariki na magharibi ya mnara, jua likiwa chini, hata kwa umbali wa zaidi ya kilomita moja. Kiwango kinachokubalika ni saa 30 kwa mwaka na dakika 30 kwa siku. Mtambo unaweza kupangwa ujizime dakika hizo; ni suala la programu tu, kwa hiyo msiambiwe haiwezekani.

Salfa ya unga mnapuliza alfajiri, majani yakiwa na umande na hewa imetulia. Upepo ukiwa chini ya mita 3 kwa sekunde mtambo hauzunguki, kwa hiyo alfajiri tulivu haiwasumbui. Upepo ukiamka, nyuma ya mtambo hewa huvurugika na unga unapeperuka zaidi, basi malizeni mapema zaidi kuliko zamani. Droni za kupulizia zisiruke karibu na mapanga yanayozunguka. Na wanaochoma mashamba kabla ya kulima waache ukanda uliofyekwa wa mita 10 kuzunguka kila transfoma.

Wakijenga huku, umeme wetu utashuka bei?
*Msomaji, Masasi*

Hapana. Bei ya umeme wa TANESCO huidhinishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa nchi nzima, na umeme wa mitambo unakwenda kwenye kituo kikubwa, si kwenye nguzo ya kijiji. Ahadi ya kuunganishiwa umeme iandikwe kando. Jingine la kuuliza ni laini ya kusafirishia umeme. Mtwara na Lindi kwa miaka mingi vimetegemea mtandao mdogo wa umeme wa gesi ya Mnazi Bay, na mtandao mdogo hauwezi kumeza megawati 50 zinazopanda na kushuka na upepo. Mitambo ya Turkana ilikamilika 2017 ikakaa ikingoja laini hadi Septemba 2018.

AMCOS yetu inabangua korosho. Tununue mtambo mdogo wa upepo?
*Katibu, Ruangwa*

Kwa hali nyingi, nunueni sola. Mtambo wa kilowati 10, kwenye upepo wa wastani wa mita 5 kwa sekunde, utatoa uniti 13,000 hivi kwa mwaka. Paneli za kilowati 10 hutoa kiasi hicho au zaidi, hazina beringi, na zikiharibika fundi wa wilayani anazimudu. Mtambo mdogo unahitaji mnara unaopita kwa mita 10 kitu chochote kilicho ndani ya mita 150, yaani katikati ya mikorosho mnara wa zaidi ya mita 22. Wengi huufunga juu ya paa la ghala, ambako upepo umevurugika, na mwaka wa pili unakuwa pambo. Upepo unaofaa kwa kazi ndogo ni wa kuvuta maji: kile kinu cha mapanga mengi kinachoanza na upepo wa mita 3 kwa sekunde. Wosha zake za ngozi ndani ya pampu huchakaa, basi nunueni za akiba siku hiyo hiyo mnayonunua kinu.

Baada ya miaka 25 nani ataing'oa?
*Mwalimu, Nachingwea*

Mwalimu, kama haikuandikwa, hakuna. Mitambo huishi miaka 20 hadi 25, na kampuni iliyojenga inaweza kuwa imeuzwa mara mbili. Kifungu cha kwanza kiseme mkataba unamfunga kila mnunuzi. Cha pili kianzishe benki mfuko wa kubomolea mitambo, usiochotwa bila saini ya kijiji, na michango isichelewe kupita mwaka wa kumi, ianze wakati mitambo bado inaingiza fedha. Cha tatu kieleze kazi yenyewe: msingi uvunjwe mpaka angalau mita 1 chini ya ardhi, uwanja wa kreni upasuliwe na kurudishiwa udongo kama tulivyoeleza juu, barabara zibaki zile tu ambazo kijiji kimeziomba kwa maandishi.

Chuma na shaba zina wanunuzi. Hata usipowaita watakuja. Mapanga hayana. Ni nyuzi za kioo na gundi, hayayeyushwi wala hayafai kuchomwa shambani kwa sababu ya moshi wake, na yakikatwa kwa msumeno bila maji vumbi lake huwasha ngozi na kuumiza mapafu. Mkataba utaje yatapelekwa wapi na nani atalipa usafiri. Na kabla ya kukata mnara, oili yote ya gia, ambayo ni mamia ya lita, ikingwe kwenye mapipa huku mtu wa kijiji akishuhudia na kusaini idadi yake.